Shangazi, kalenda yetu ya Majilio ilikufa tarehe 9, nijaribu tena au niache?

Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu, mkubwa wa kiume ana miaka 13, wa kati binti ana 8, na kitinda mimba wangu ana 4, na hii naandika usiku wamelala maana nikianza mchana simalizi. Jambo langu kuna watakaoliona dogo ila mimi limenikaa moyoni tangu mwaka jana.

Mwaka jana nilitaka kuwatengenezea kalenda ya Majilio, ile ya kuhesabu siku mpaka mkesha wa Krismasi. Nilikuwa nimeona picha kwenye simu ya vimifuko 24 vimepangwa ukutani, vizuri mno, nikasema na mimi wanangu nawafanyia. Sikumwambia mtu, nilitaka iwe sapraizi. Nikakata karatasi usiku baada ya kazi wiki nzima, nikagundisha vimifuko, namba nikazikata kwenye vitambaa vya nguo zao za utotoni nilizokuwa nimezitunza, yaani 1 imetoka kwenye shati la mkubwa, 2 kwenye gauni la binti, hivyo hivyo mpaka 24. Halafu kila kifuko nikataka kiwe na vitu vitatu ili kila mtoto apate chake, pipi, stika, kifutio. Piga hesabu Shangazi, 24 mara tatu ni vitu 72, hela ya kununua vyote kwa mpigo sikuwa nayo kwa hiyo nikawa najaza kila usiku wakilala.

Siku nne za kwanza raha tupu. Ya tano wakaanza kugombania nani afungue, ya saba binti akalia eti kifutio cha kaka yake kikubwa kuliko chake. Usiku wa kuamkia tarehe 8 nilirudi nimechoka nikapitiwa na usingizi kwenye kochi kabla sijajaza. Asubuhi binti akaingiza mkono kwenye kifuko, akautoa, akaniangalia, hakusema kitu. Ule mkono mtupu mpaka leo nauona. Jioni yake nikajikaza nikajaza vifuko mpaka tarehe 15 ili yasijirudie, kesho yake narudi kazini nakuta mdogo amevuta kiti, amechana vifuko vyote mpaka vitupu, kakaa chini na maganda ya pipi. Mkubwa akasema mama haya ni mambo ya watoto, mi usinihesabu. Hapo ikaisha. Nikaokota namba zangu nikaziweka kwenye kopo juu ya kabati.

Mume wangu hana ubaya, ila kazi yake ni ya safari na nusu ya kwanza ya Desemba huwa hayupo, aliporudi akauliza tu kwani ilikuwa na ulazima gani, hela zote hizo. Na dada yangu anasema hiki kitu ni ujanja wa wenye maduka kuuza chokoleti, hakina uhusiano na Krismasi.

Sasa juzi binti ananiuliza, mama ile ya namba mwaka huu utaweka? Nimekosa jibu. Nataka, ila naogopa. Niache? Na kama ni kufanya nifanyeje isinimalize, huyu mdogo nimweke wapi, na tuanze lini, maana mmoja kaniambia lazima ianze Jumapili ya kwanza ya Majilio na mwingine anasema tarehe 1 Desemba.

Ni mimi, Mama Watatu

.

Marahaba mwanangu.

Usiache. Na sababu ya kukwambia usiache umeiandika wewe mwenyewe ila sidhani kama umeiona, rudi usome alivyouliza binti yako. Hakusema ile ya pipi, hakusema ile ya zawadi, amesema ile ya namba. Mtoto wa miaka 8 aliyelizwa na kifutio, aliyeingiza mkono akakuta patupu, karibu mwaka mzima umepita na kilichobaki kichwani mwake ni namba ulizokata kwenye nguo zake. Vile vitu 72 vilivyokutoa jasho hajavitaja hata kimoja.

Kwa hiyo kalenda yako haikufa kwa sababu watoto hawakuipenda. Ilikufa kwa sababu ilikuwa mgongoni kwako peke yako. Ulikata peke yako, ukagundisha peke yako, ukanunua peke yako, ukajaza peke yako saa sita usiku, na kwa kuwa ni sapraizi hata mtu wa kukwambia leo lala mi ntajaza hakuwepo maana hakuna aliyejua inajazwaje. Sasa mtu mmoja akilala na kalenda inalala. Hata angekuwa nani angelala mwanangu, usijilaumu kwa hilo.

La dada yako ngoja nilijibu haraka maana linakusumbua kuliko ulivyoandika. Amekosea, ingawa namwelewa, ukiingia dukani mwezi wa 11 unachokiona ni maboksi ya chokoleti. Lakini hii kitu ilianzia majumbani kule Ujerumani karne ya 19, na haikuwa na pipi wala chokoleti. Familia ilikuwa inachora mistari 24 ya chaki mlangoni, kila siku mtoto anafuta mmoja, basi, mistari ikiisha Krismasi imefika. Wengine walitundika picha moja moja ukutani. Mwaka 1839 kulikuwa na mchungaji Hamburg anaitwa Johann Hinrich Wichern aliyekuwa analea watoto maskini, watoto hao kila siku wanamuuliza Krismasi leo? Krismasi leo? mpaka akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za kawaida, kila siku unawashwa mmoja zaidi ili waone wenyewe siku zinavyosogea. Hizi za kuchapishwa zilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana ni Gerhard Lang wa Munich, ambaye inasimuliwa alipokuwa mdogo mama yake alimpangia vitamutamu 24 kwenye kipande cha karatasi ngumu. Umeona? Hata hiyo ya dukani chanzo chake ni mama mmoja nyumbani kwake na karatasi. Mwambie dada yako hivyo, kwa upole.

Sasa twende kazini.

Nyumba yenu mko watano. Siku 24 zigawe, wewe 5, baba 5, mkubwa 5, binti 5, mdogo 4. Ndani ya bahasha hakuingii kitu, kinaingia kikaratasi chenye jambo la kufanya pamoja siku hiyo, na kila mtu anaandika vya kwake bila wengine kuona. Kwa hiyo sapraizi yako ipo palepale, tena sasa na wewe utafungua usichokijua, hilo mwaka jana hukulipata hata siku moja. Na kikubwa zaidi, zote 24 zinajazwa jioni moja kabla Desemba haijaingia. Hakuna kuamka usiku. Ukipitiwa na usingizi kwenye kochi kalenda inaendelea yenyewe.

Bahasha msinunue, tengenezeni, wote mezani, mkubwa mpe rula maana umri huo wanapenda kazi yenye vipimo. Chukua karatasi ya kawaida ya A4, ikate katikati upate vipande viwili, kwa hiyo karatasi 12 zinatosha kalenda nzima, hata zilizochapwa upande mmoja zinafaa ukigeuza maandishi yakae ndani. Kila kipande kina urefu wa sentimita 21. Kiweke kimesimama, pima sentimita 9 kutoka chini, kunja juu, zinabaki sentimita 3 za mfuniko. Pitisha ukucha kwenye mkunjo mara mbili, hapo ndipo bahasha nzuri na mbaya zinapotofautiana, mkunjo uliopigwa ukucha unakaa, usiopigwa unafumuka ukutani siku ya pili. Gundi paka pembeni tu, upana wa nusu sentimita, ukipaka nyingi inaingia ndani na bahasha haifunguki tena. Bonyeza, weka chini ya kitabu kizito mpaka ikauke. Za kwanza tatu zitakuwa za kupinda, zitumieni hivyohivyo.

Kugombania nani afungue, hilo lina dawa nyepesi. 24 gawa kwa watatu ni 8, kila mtoto na siku zake. Funga kamba tatu ukutani, za mita 2 hivi zinatosha kupata nafasi ya mafundo, kila kamba bahasha 8, bana kwa vibanio vya nguo pamoja na ile namba yako ya kitambaa mbele. Kamba ya chini ya mdogo, ya kati ya binti, ya juu ya mkubwa. Anza na mdogo, yeye afungue 1, 4, 7, 10 anaenda hivyo mpaka 22. Binti anachukua 2, 5, 8 mpaka 23. Mkubwa 3, 6, 9, na akifuata hivyo hivyo inamwangukia yeye tarehe 24. Usimwambie chochote kuhusu hilo, acha ajihesabie mwenyewe. Kijana wa miaka 13 anayesema usinihesabu, mara nyingi anaangalia kama atahesabiwa au la, na hii bahasha ya mwisho ya nyumba nzima ni yake, iko kamba ya juu ambayo wengine hawaifikii. Mwache aseme anavyosema ila asiondolewe kwenye hesabu.

Mwenye zamu ndiye mkuu wa siku hiyo, anafungua, anasoma kwa sauti au anasomewa, wengine wanafuata. Sio kwamba kilichomo ni chake peke yake, kwa hiyo la kifutio kikubwa na kidogo limekwisha.

Ya kuandika humo ndani, wengi hapa ndipo wanapotafuta makubwa na kuchoka. Andikeni madogo. Leo tunakula taa zimezimwa, kwa mwanga wa mshumaa. Leo mmoja anampigia babu au bibi amuulize Krismasi yake ya utotoni ilikuwaje. Leo baba anasimulia kitu alichovunja akiwa mdogo akaficha. Leo tunatoka nje dakika kumi kuangalia nyota, na kama mawingu basi tunaangalia mawingu. Leo kila mtu anatafuta nguo iliyomkaa ndogo lakini nzima, tunaiosha tunampa mtu. Leo mwenye zamu analala nusu saa baada ya wengine, akiwa na mama peke yake. Hii ya mwisho usiiache, mtoto wa kati hasa, anayepita siku nzima katikati ya mkubwa na mdogo, nusu saa ya mama asiyegawanywa anaikumbuka sana.

Kitu kimoja nakukataza, usiandike panga chumba chako, osha vyombo, soma vitabu vyako. Mtoto akifungua bahasha akakuta kazi za nyumbani zimevalishwa namba, anaelewa palepale, na kesho hafungui kwa moyo uleule.

Pipi ukitaka weka, siku tatu nne kwenye siku zote 24, na kwenye kikaratasi uandike tu "ziko mahali, zitafuteni", zenyewe zikae kwako mpaka siku hiyo ifike. Na hapo ndipo nakuja kwa huyu mdogo.

Hakufanya utundu. Miaka 4, pipi ziko ukutani anaziona, kuna kiti, na watu wakubwa wamemwambia asubiri siku ambazo kwake hazina mwanzo wala mwisho. Kwake kesho na wiki ijayo vinakaribiana. Mwaka huu ukutani kuna vikaratasi asivyoweza kusoma, kishawishi kimepungua chenyewe. Ila mpe na kitu chake cha kila siku maana kusubiri zamu siku mbili na yeye ni kazi. Mtengenezee mnyororo wa karatasi, vipande 24 virefu vya upana wa vidole viwili, kila kimoja unakikunja kuwa pete unakipitisha kwenye mwenzake unagundisha, unautundika mahali anapofikia. Kila jioni anakata pete moja, mkasi wa watoto mkononi na wewe pembeni. Namba hazijui bado, lakini mnyororo uliokuwa unagusa sakafu unapofika kwenye magoti yake, halafu kiunoni, halafu unaondoka juu ya kichwa, anauona. Ni ile chaki ya mlangoni, tofauti yake hii anaishika.

Bahasha zake nne za kuandika ataandikaje? Achore. Achore chochote, siku ikifika mwenye zamu anatoa mchoro, mnamuuliza hii ni nini, atakachosema ndicho mtakachofanya. Akisema ni simba basi jioni hiyo nyote ni simba.

Baba naye. Kuwa safarini hakumtoi. Kabla hajaondoka, au hata akiwa huko, akutumie zake tano kwa meseji uzinakili, ila mbili kati ya hizo ajirekodi sauti akutumie kwenye simu, kwenye bahasha unaandika tu "msikilizeni baba". Ziweke kwenye ile nusu ya kwanza ambayo hayupo. Na la hela hatalisema tena, karatasi 12, kamba, gundi, vibanio unavyo. Swali lake la kwani kuna ulazima gani usilijibu kwa maneno, mwachie zile tano aandike, nadhani atapata jibu akianza kufikiria nini cha kuwaambia.

Tarehe ya kuanza, wote wawili waliokwambia wako sawa. Majilio ya kanisani yanaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa hiyo inaweza kuangukia popote kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na ndio maana kuna mwaka Majilio yana siku 22 na mwaka mwingine yanafika 28. Kalenda za namba zikachagua tarehe 1 Desemba ili 24 zitoshe kila mwaka. Namba zako ni 24, anza tarehe 1. Jumapili ya kwanza ya Majilio itumieni kwa maandalizi, au kuwasha mshumaa wa kwanza kama mna desturi hiyo.

Na kama mngependa kuwe na Neno ndani yake, maana hukusema ila dada yako nadhani ndilo linalomuuma, kuna hesabu moja naipenda sana. Luka sura ya 1 ina mistari 80, na habari ya kuzaliwa kwenye sura ya 2 inaishia mstari wa 20. Jumla 100. Someni mistari 4 kila jioni, jioni nne mnazozitaka mnasoma 5, mkesha wa Krismasi mnamaliza na wachungaji wanarudi makwao. Haichukui hata dakika mbili, mkubwa asome. Wengine husoma sura moja ya Luka kwa siku kwa kuwa Luka ina sura 24 kamili, ni nzuri pia kwa watu wazima, ila kuzaliwa mnakupita siku ya pili na sura zenyewe ndefu, kwa mtoto wa miaka 4 hapana.

Siku mbaya zitakuwepo, usije ukadhani ukipanga vizuri hazitakuja. Kuna mtu ataumwa, kuna siku utarudi saa mbili usiku na bahasha inasema twende nje tukaangalie nyota na mvua inanyesha. Andika vikaratasi vinne vya akiba vya mambo ya dakika tano, weka kwenye droo yako. Kila Jumapili usiku iangalie wiki inayokuja kama mwenye nyumba, nani ana mtihani, baba anarudi lini, na katika zile ulizoandika au kunakili wewe hamisha inayohitaji kuhamishwa, za watoto usizichungulie. Na mkiruka siku, kesho yake fungueni mbili. Mimi wakati wangu wa kulea nilitengeneza ya viberiti 24 vilivyogundishwa pamoja, vikawa vidroo, na kidroo cha 17 hakikuwahi kufunga vizuri mwaka wowote, kilikuwa kimebenuka vile, na wanangu sasa ni watu wazima wakikutana ndicho wanachokiulizia, hicho cha 17.

La mwisho ni hilo la tarehe 8. Ukipanga kama nilivyokwambia utaona 8 imeangukia kwenye kamba ya binti. Sikulipanga mimi, hesabu imelileta. Hiyo bahasha iandike wewe, iandike ya kwanza kabla ya zingine zote, jioni hiyo kabla hata gundi haijakauka. Usiandike jambo la kufanya. Mwandikie barua, mistari michache, mwambie zile namba zilitoka nguo gani, alikuwa na umri gani alipoivaa, siku gani. Akiingiza mkono safari hii akute karatasi imejaa mwandiko wako.

Na kopo lishushe kesho asubuhi, usingoje Novemba. Mpe yeye, azimwage sakafuni azipange 1 mpaka 24 aone kama zote zipo. Ikikosekana moja mpe mkasi aikate yeye, kwenye nguo atakayoichagua.

Shangazi yako